Kiu ya Dar es Salaam Haikuanza Jana

Ndugu msikilizaji, juma hili nataka tuzungumze juu ya maji ya jiji la Dar es Salaam. Kila mgao unapotangazwa, sisi wakazi huanza kutafuta wa kumlaumu. Mimi naona ni vizuri kwanza tujue haya maji yalikujaje mjini, maana historia yake inatueleza kwa nini mmoja anaoga kwa bomba na mwenzake ananunua dumu.

Wajerumani walipohamishia makao makuu yao Dar es Salaam mwaka 1891, mji ulikunywa maji ya visima. Katika utawala wa Waingereza ukajengwa mtambo wa Mtoni, unaochota maji ya mto Kizinga. Lakini Kizinga ni mto mdogo, na sensa ya mwaka 1957 ilikuta mji una watu wapatao 128,000. Ndipo wakubwa walipougeukia mto Ruvu, ambao maji yake yanatoka milima ya Uluguru. Mtambo wa Ruvu Juu, ulioko Mlandizi, ulianza kazi mwaka 1959. Mwaka 1976 ukafuata wa Ruvu Chini, upande wa Bagamoyo, uliojengwa kwa msaada wa Canada.

Hapo ndipo penye jambo la kuzingatia. Mitambo ni miwili, mto ni mmoja. Ruvu ikipungua, yote miwili hupungua.

Baada ya hapo mji ulikimbia, mabomba yakabaki nyuma. Sensa ya mwaka 1978 ilihesabu watu zaidi ya 840,000 katika mkoa huu. Ile ya mwaka 2022 ilihesabu zaidi ya 5,380,000. Watafiti walioyachunguza matumizi ya maji Kenya, Uganda na Tanzania katika miaka ya 1960, kisha katika miaka ya 1990, walikuta kwamba hata katika nyumba zenye bomba matumizi ya kila mtu yameshuka kwa karibu nusu. Bomba lilikuwapo ukutani. Maji ndiyo yaliyokuwa yakija kwa kuvizia, usiku wa manane.

Tulichokifanya sisi ni kubadili vyombo. Sheria ya mwaka 1981 ilianzisha NUWA, na mwaka 1997 ikazaliwa DAWASA. Kisha wafadhili wakaweka sharti kwamba uendeshaji ukabidhiwe watu binafsi. Mwezi Agosti 2003 kampuni ya City Water, iliyowaunganisha Waingereza, Wajerumani na Watanzania, ikaanza kazi kwa mkataba wa miaka 10. Haikumaliza hata miwili. Mwezi Mei 2005 Serikali iliuvunja mkataba huo, kesi ikafika mbele ya wasuluhishi wa kimataifa, na DAWASCO ikashika usukani. Mwaka 2018 DAWASCO nayo ikaunganishwa na DAWASA.

Majina hayo yote, ndugu msikilizaji, yaliandikwa juu ya ankara ile ile, na chini ya ardhi kulikuwa na mabomba yale yale yanayovuja.

Sitaki nionekane sioni kazi iliyofanyika. Kufikia mwaka 2017 Ruvu Juu ilikuwa imepanuliwa kutoka lita milioni 82 kwa siku hadi milioni 196, na Ruvu Chini kutoka milioni 180 hadi 270. Jumla ni lita milioni 466. Tufanye hesabu ya darasa la nne: ukizigawa kwa wakazi wote wa sensa ya mwaka 2022, kila mtu, pamoja na mtoto mchanga, anapata zaidi ya lita 80. Hayo ni madumu manne kwa siku.

Ni kweli kwamba viwanda na hoteli navyo vinahitaji maji, na kwamba Kibaha na Bagamoyo wana haki yao. Hata hivyo nauliza: mama anayenunua dumu moja kwa mkokoteni, madumu yake matatu mengine yamekwenda wapi? Mengine yamepotea njiani kwa kuvuja na kwa wizi. Mengine yameishia mitaa ya mwanzo wa bomba, ambako yanamwagilia bustani. Na yeye aliye mwisho wa bomba, au asiye na bomba kabisa, huilipia ndoo yake bei iliyo juu mno kuliko ya mwenye dira ya maji nyumbani. Maskini ndiye anayenunua maji ghali.

Kisha likaja funzo la mwaka 2022. Mwezi Oktoba Ruvu ilishuka, uzalishaji ukaanguka hadi lita zipatazo milioni 300 kwa siku, na jiji zima likaingia kwenye mgao. Visima virefu vya Kigamboni vikaokoa kidogo. Mwezi Novemba mwaka huo huo ukatiwa saini mkataba wa kujenga bwawa la Kidunda, la kuhifadhi lita bilioni 190, bwawa lililokuwa likizungumzwa tangu siku za wazee wetu.

Bwawa ni jambo jema. Lakini bwawa halipandi miti Uluguru, wala haliungi bomba lililopasuka mtaani. Usipoziba ufa, utajenga ukuta. Ushauri wangu kwa wahusika ni huu: kila mnapotutangazia lita zilizozalishwa, mtutangazie pia lita zilizofika, mtaa kwa mtaa. Nasi wananchi tukiona bomba linavuja, tusiliruke tukaendelea na safari. Maji yale yanayotiririka barabarani ni dumu la mtu fulani, aliyeamka alfajiri kulitafuta.