Wasiwasi Una Msimu Wake: Kuishi na Mawazo ya Kila Siku Kitale na Bungoma

Mada kwa semina ya viongozi wa vyama na wahudumu wa afya ya jamii kutoka Trans Nzoia na Bungoma



Nimeombwa nizungumzie namna ya kukabiliana na wasiwasi wa kila siku, nami naanza na mwezi wa Januari. Shule zinafunguliwa, karo inadaiwa, na mahindi yaliyobaki ghalani ndiyo hayo hayo yanayotazamiwa kulipa karo, kununua mbegu na kulisha nyumba mpaka mavuno mengine. Dalali anayajua yote hayo anapotaja bei yake. Ikifika Machi tunatazama mawingu na kuulizana kama mbolea ya ruzuku imefika. Mahindi yakiota tunawinda viwavijeshi, wadudu waliotuvamia mwaka 2017. Mwisho wa mwaka mvua isiyotakiwa inayakuta mahindi yameanikwa kwenye maturubai. Wenzetu wa Bungoma waongeze miwa: imekatwa, imechukuliwa, malipo hayajulikani yatakuja lini. Na pale Webuye wapo ambao mawazo yao yalianza mwaka 2009, kiwanda cha karatasi kilipofungwa.

Kwa hiyo mtu akiniambia ana mawazo, kabla ya kumuuliza anaumwa wapi, huangalia ni mwezi gani.

Nataka tukubaliane hapo kwanza. Wasiwasi wetu mwingi una sababu. Si upungufu wa imani, si mkono wa jirani, wala si tabia ya akina mama. Tunapomwambia mtu "usijali, Mungu yupo" tunamtakia mema, lakini mara nyingi tunamwongezea mzigo wa pili: alikuwa na wasiwasi tu, sasa ana wasiwasi na anauonea aibu. Upande mwingine, kuwaza hakupunguzi deni. Anayekesha hadi saa tisa usiku akipiga hesabu ya karo huamka na karo ileile, macho mekundu, na siku hiyo atagombana na watoto na kusahau chanjo ya ndama.

Njia ninayopendekeza si yangu. Mwaka 1983 mwanasaikolojia wa Marekani, Thomas Borkovec, na wenzake waliandika juu ya utaratibu rahisi: mwenye mawazo mengi atenge nusu saa kila siku, wakati uleule na mahali palepale, kwa kazi ya kuwaza tu. Wasiwasi ukija saa nyingine haufukuzwi, kwa maana ukiufukuza unarudi na wenzake. Unaahirishwa hadi saa yake. Kwa maisha yetu ningesema saa kumi jioni, kabla ya kukamua, ukiwa umekaa kwenye kigoda nje ya jikoni. Kitandani hapafai hata kidogo. Daftari la mtoto lenye kurasa zilizobaki linatosha. Asiyeandika atie punje ya mahindi kikombeni kila wasiwasi unapomjia, na jioni azimwage mkekani, azitaje moja moja.

Katika nusu saa hiyo kila wasiwasi unaulizwa swali moja: kuna jambo ninaloweza kulifanya wiki hii? Likiwapo, liandikwe pamoja na siku yake. Lisipokuwapo, wasiwasi huo unaambiwa urudi kesho jioni.

Nitoe mfano wa unyevu wa mahindi. Wengi wetu huuma punje kwa meno, tukasema imekauka, kisha tukalala tukihofia gunia litaota ukungu wa sumukuvu. Huo ni wasiwasi wenye kipimo. Chukua chupa ya soda iliyokauka kabisa, tia mahindi hadi theluthi, ongeza vijiko vichache vya chumvi kavu. Funga, tikisa vizuri, kisha uiache itulie kwa robo saa. Chumvi ikishika kwenye kuta za chupa, mahindi bado ni mabichi, unyevu umepita karibu asilimia 15, yarudi juani. Chupa ikibaki safi, umepiga hatua, ingawa bodi ya nafaka inataka asilimia 13.5 na hiyo huonekana kwa mashine tu. Basi jambo la wiki hii limejulikana: tafuta mwenye mashine. Mtu aliyefanya hivyo bado ana shida zake, lakini hii moja imetoka kitandani.

Bei ya gunia la kilo 90 ni habari nyingine. Hiyo hatuipangi sisi, na kuna siku daftari litajaa mambo ya namna hiyo. Sitawadanganya kwamba kuvuta pumzi taratibu kunalipa miwa iliyocheleweshewa malipo. Kunatuliza mapigo ya moyo, basi, na hilo lina faida yake saa nane usiku. Malipo yanadaiwa kwa pamoja, kwa barua na kwa mkutano, na mkulima aliyelala usiku hudai vizuri zaidi.

Kuhusu mikopo ya simu nitasema kwa ufupi ingawa najua ndiyo inayowachoma wengi hapa. Tangu Fuliza ije mwaka 2019, na kabla yake M-Shwari, imekuwa rahisi kutuliza wasiwasi wa leo kwa deni la kesho. Andikeni madeni yote kwenye ukurasa mmoja, hata ya duka na ya shemeji, mkayajumlishe. Watu huogopa jumla kuliko madeni yenyewe. Baada ya hapo ndipo mtu anajua azungumze na nani kwanza.

Neno moja la pembeni: tunapenda kusema mawazo yameleta vidonda vya tumbo. Tangu utafiti wa Waaustralia wawili, Barry Marshall na Robin Warren, waliopata Tuzo ya Nobel mwaka 2005, inajulikana kwamba vidonda vingi huletwa na bakteria, na vingine na dawa za maumivu tunazomeza ovyo. Anayeungua tumbo aende akapimwe. Asiambiwe tu apunguze kuwaza.

Je, kazi hii ya kumsaidia mwenye mawazo inahitaji daktari? Bungoma yenyewe imetoa jibu. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2020, watoto 640 waliofiwa na mzazi, wa Bungoma na wa Moshi kule Tanzania, wenye umri wa miaka 7 hadi 13, waligawanywa mafungu mawili. Fungu moja lilipata huduma ya kawaida, jingine lilikaa na washauri ambao hawakuwa wataalamu wa afya ya akili, watu wa kawaida waliofundishwa na kusimamiwa. Watoto wa fungu hili la pili walipata nafuu kubwa zaidi, na kwa upande wa Bungoma tofauti ilikuwa bado ipo mwaka mmoja baadaye. Kazi hiyo iliendelezwa kwa walimu na wahudumu wa afya ya jamii, na huku kwetu inaitwa Pamoja Tunaweza. Majonzi ya yatima si wasiwasi wa karo, najua. Ninachochukua hapo ni kwamba jirani aliyefundishwa vizuri na anayesimamiwa anaweza.

Ana mpaka wake pia. Mtu ambaye kwa wiki mbili halali, hali, au anazungumzia kufa, huyo si wa daftari. Apelekwe hospitali ya rufaa ya kaunti, Kitale au Bungoma. Vivyo hivyo anayeshtuka na kuota vita vya Mlima Elgon vya 2006 hadi 2008. Na tusiwafiche, kwa kuogopa polisi, waliojaribu kujiua: Januari 2025 Mahakama Kuu ilitamka kwamba kifungu cha 226 cha sheria ya adhabu, kilichofanya jambo hilo kuwa kosa, kinakiuka katiba.

Linabaki suala la siri, na ndilo linalonisumbua. Chama ni mahali pazuri pa kukopa na pagumu pa kusema, maana anayekusikiliza ndiye atakayekudai Jumamosi. Mweka hazina akijua una mawazo mengi, mkopo wako utacheleweshwa. Kwa hiyo baada ya chai tutakaa wawili wawili, wa Kitale na wa Bungoma, wasiojuana wala kudaiana. Kila mmoja aje na kalamu na mawazo matatu ya wiki hii. Majina ya watu yasiandikwe, na karatasi kila mtu atarudi nayo kwake.