Shirika la Ndugu katika Nyumba ya Kupangisha

 

Huku mlimani, kuanzia Machame hadi Marangu, mpaka wa kihamba hupandwa masale, na hata mtoto mdogo huujua. Lakini ndugu wawili wanaposhuka Moshi mjini wakachangiana kununua nyumba ya vyumba vichache vya kupangisha, masale yao yako wapi? Kwa kuoneana haya, huandikwa jina la mmoja tu. Siku asiyeandikwa atakapofariki, mjane na mayatima wake watashika nini mbele ya hakimu?

Katika Suratul Baqara, aya ya 282, Mwenyezi Mungu ameamrisha deni liandikwe na lishuhudiwe, wala hakuwatoa ndugu katika amri hiyo. Basi iandikwe nani ametoa kiasi gani, kodi itagawanywaje, bati likivuja nani atagharimia, na fungu likiuzwa nani ataulizwa kwanza. Fungu la marehemu ni la warithi wake, si la mshirika aliyebaki hai.

Na aliyekwisha kula kodi ya nduguye, wazee wetu huomba radhi kwa jani la isale. Alichukue hilo jani, pamoja na daftari la hesabu.