Video za Familia kwenye Kompyuta za Zamani



Video ya harusi ikikwama kwenye kompyuta ya zamani, tusikimbilie kununua mpya. Mara nyingi tatizo ni namna video ilivyobanwa. Mfumo wa H.265, uliotoka mwaka 2013, hupunguza ukubwa wa faili, lakini huhitaji nguvu ambazo mashine nyingi zilizoutangulia hazina.

Mwombeni mpiga picha nakala ya H.264, mfumo wa mwaka 2003, yenye mistari 720 au pungufu. Kwa kompyuta iliyochoka zaidi, MPEG-1 ya enzi za VCD yafaa: ubora utapungua, ila video itaonekana. Jina MP4 lisiwatosheleze. Hilo ni gunia tu, ulizeni kilichomo.

Nakala ya awali msiifute, kwani ubora ukishapotea haurudi.