Jiji Lililogawanywa kwa Rangi

Kila masika, taarifa za habari huzitaja Tandale na Kigogo, jijini Dar es Salaam, kuwa zimejaa maji. Oysterbay haitajwi sana, ingawa nayo imo katika manispaa ileile ya Kinondoni. Tofauti hiyo haikuletwa na mvua.

Wajerumani, kisha Waingereza, waliigawa Dar es Salaam kwa rangi ya ngozi. Wazungu walikaa ufukweni penye upepo, kwenye viwanja vikubwa, kama kule Oysterbay. Wahindi katikati ya mji. Waafrika Kariakoo na pembezoni. Mnazi Mmoja paliachwa wazi makusudi, kumtenga Mwafrika na wengine. Kisingizio kilikuwa afya. Tena kanuni zilitaja aina ya nyumba, si rangi, na ujanja huo ndio uliodumu. Baada ya Vita Kuu ya Pili nyumba za Waafrika zikajengwa Ilala, Magomeni na Temeke, lakini mabomba na mifereji havikulingana kamwe na wingi wa watu waliohamia.

Uhuru ulipokuja, serikali ya Mwalimu Nyerere ilifuta umiliki binafsi wa kudumu wa ardhi mwaka 1963, na mwaka 1971 ikataifisha majengo ya kupangisha. Wengi walionyang'anywa walikuwa wa asili ya Asia, wazaliwa wa hapa hapa, na jeraha lile hatulizungumzi vya kutosha. Lakini mipaka ya mitaa ilibaki palepale. Leo fedha ndiyo inayoilinda. Basi manispaa za Temeke na Kinondoni zinapopanga bajeti ya mifereji, zianze na mitaa iliyonyimwa tangu enzi za mkoloni.