Pato la Kila Mtu na Hali ya Mtu
(Hotuba kwa wahitimu na wanafunzi, Daudi, Mbulu)



Nimeombwa nizungumzie pato la taifa. Najua saa ya chakula inakaribia, kwa hiyo sitawachosha.

Julai 2020 Benki ya Dunia ilitangaza kwamba Tanzania imeingia katika kundi la nchi za kipato cha kati, ngazi ya chini. Pato la wastani la Mtanzania kwa mwaka 2019 lilikuwa dola 1,080, na mpaka wa kundi hilo ulikuwa dola 1,036. Tulifurahi, na ilistahili. Lakini hiyo ni hesabu ya kugawanya tu: pato lote kwa idadi ya watu. Haituambii nani alipata, wala nani alinyang'anywa.

Mfano uko jirani. Kule Basotu, wilayani Hanang, tangu miaka ya 1970 shirika la umma la NAFCO, kwa msaada wa Kanada, lililima ngano kwa matrekta katika mashamba yaliyofikia ekari zipatazo 100,000. Kila gunia liliingia katika pato la taifa, na ngano ikaenda mijini kuwa mkate. Ardhi hiyo ilikuwa malisho ya Wabarbaig, tena yale mazuri kabisa. Katika daftari la pato hapakuwa na mahali pa kutoa malisho yaliyopotea, njia za kunywesha mifugo zilizozibwa, wala makaburi ya wazee yaliyopitiwa na jembe la trekta. Kwa takwimu, Hanang ilipanda. Kwa mama aliyepungukiwa maziwa ya mtoto, ilishuka. Wanakijiji wa Mulbadaw walikwenda mahakamani. Mwaka 1984 Mahakama Kuu iliwapa haki, kisha Mahakama ya Rufani ikaipa ushindi NAFCO.

Sizidharau takwimu. Bila pato hakuna zahanati wala mshahara wa mwalimu. Ndiyo maana mwaka 1990 Umoja wa Mataifa, kwa fikra za Mahbub ul Haq wa Pakistan, ulianza kupima pia elimu na urefu wa maisha. Ni hatua, ingawa nao ni wastani vilevile.

Vijana, baadhi yenu mtakaa katika ofisi za mipango. Mkiletewa mradi wenye faida kubwa, ulizeni kwanza: ardhi hiyo jana ilikuwa ikimlisha nani?

Ndugu Mwenyekiti, naona mikono imekwisha kuinuliwa kule nyuma. Niko tayari kwa maswali.