Kucheza na Kuchezwa: Ngoma za Ugogo katika Chuo cha Sanaa Bagamoyo

Katika Kiswahili cha kale cha pwani, chuo ni kitabu. Baadaye neno hilo likahamia mahali kinaposomewa kitabu, na ndipo mtoto akasemwa kuwa yuko chuoni. Maana hizo mbili hazina budi kukumbukwa inapozungumzwa historia ya Chuo cha Sanaa Bagamoyo, kilichoanzishwa mwaka 1981 na kugeuzwa kuwa Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo (TaSUBa) mwaka 2007. Chuo hicho hakikuanzia patupu. Kilirithi kazi ya Kikundi cha Taifa cha Ngoma cha miaka ya 1960, zama za wizara ya utamaduni aliyoitangaza Rais Julius Nyerere mwezi Desemba 1962 ili kuzirudishia hadhi sanaa zilizobezwa na ukoloni.

Miongoni mwa walioifikisha sanaa ya uwanda wa kati huko pwani ni Hukwe Zawose, Mgogo wa Dodoma, bingwa wa zeze na marimba, aliyefariki mwaka 2003. Katika karne ya 19 misafara iliyotoka Bagamoyo ilipopita Ugogo ililipa hongo kwa watemi. Safari hii mali ilitoka Ugogo ikateremka pwani, wala hakuna aliyedaiwa hongo. Tena serikali ilikwisha kuamua mwaka 1973 kuhamishia makao makuu Dodoma. Chuo cha ngoma, hata hivyo, kikawekwa ufukoni.

Yaliyobadilika njiani yanaonekana vizuri katika muheme. Hii ni ngoma ya wanawake, iliyofungamana na unyago wa wasichana. Mpigaji huibana ngoma kati ya mapaja na kuipiga kwa mikono, huku wenzake wakiimba na kuitikia. Kiswahili kina usemi unaoieleza hali hiyo kuliko istilahi yoyote ya wataalamu: mwali huchezwa. Kitenzi kimo katika kauli ya kutendwa. Mwali si mtenda. Ngoma ndiyo inayomtenda, inamtoa utotoni na kumtia utu uzima. Kwa hiyo Ugogo ulikuwa na shule yake ya ngoma kabla ya chuo chochote, nayo haikutoa vyeti bali watu.

Chuoni kauli iligeuka. Mwanafunzi hucheza ngoma, naye huicheza kwa saa ya ratiba, akiwaelekea watazamaji, na shughuli ya usiku kucha hufupishwa ikawa onyesho la dakika chache. Hujifunza muheme leo na sindimba kesho. Aliyetoka Kagera au Mtwara aweza kuushika mdundo barabara huku maneno ya Cigogo akiyabeba kama sauti tupu. Hapo ndipo penye hasara, nayo ni hasara ya lugha: mwili umepata mwalimu, maneno hayakupata.

Si haki, hata hivyo, kukilaumu chuo peke yake. Jamii ya Zawose iliota mizizi Bagamoyo, na urithi wake haukukaa kama ulivyokuja. Pendo na Leah Zawose, binti na mjukuu wa Hukwe, walitoa albamu ya Maisha mwaka 2024 wakiwa waimbaji wakuu na wapiga ala, ilhali kwa desturi mwanamke katika muziki huo alikuwa mwitikiaji. Pwani ilimpa nafasi ambayo bara ilimnyima.

Kazi iliyosalia ni ya wanaisimu, na iko Chamwino, ambako tamasha la muziki wa Wagogo limekuwa likivikutanisha vikundi vya vijiji. Huko muheme bado una wenyewe. Mtafiti atakayekwenda na kinasa sauti asiridhike kurekodi mdundo. Aulize sehemu za ngoma huitwaje, kiongozi humwamuru mpigaji kwa neno gani, na ni nyimbo zipi ambazo yeye, akiwa mgeni, hapaswi kuimbiwa.