Maghala ya Kumbukumbu Yaunganishwe kwa Njia Mbili

Maelezo kwa Makatibu wa Vyama vya Msingi, Shangani, Mtwara



Mwezi Mei 2024 uliwapa wakazi wa Kusini mafunzo mawili. Tarehe 4 kimbunga Hidaya kilifika pwani, na mafuriko yakaikata barabara ya Dar es Salaam huko Somanga, mkoani Lindi. Msafiri aliyekuwa na haraka alilazimika kuzungukia Tunduru na Songea. Tarehe 12 mikongo miwili ya baharini, EASSy na Seacom, ilikatika, na intaneti ikadhoofika nchini. Mwenye njia moja hana njia.

Jambo hili linaugusa ushirika. Tangu mwaka 2007 korosho za Mtwara zinauzwa kwa mfumo wa stakabadhi ghalani, na tangu msimu wa 2024/2025 minada inaendeshwa kwa mtandao wa Soko la Bidhaa Tanzania. Korosho za mkulima zimo ghalani, lakini haki yake imo katika kumbukumbu. Kumbukumbu zikipotea, gunia lipo, mwenyewe hatambulikani.

Kwa hiyo kumbukumbu za Mtwara hazina budi kuwa na nakala mbali, tuseme Dar es Salaam. Kati ya maghala hayo mawili ya kumbukumbu hupitishwa handaki. Handaki hili si shimo la ardhini, bali ni njia ya faragha ndani ya mtandao wa umma, ambamo maandishi husafiri yakiwa yamefumbwa. Mahandaki yawe mawili. Lakini yakipita katika mkongo mmoja, mchimba mtaro mmoja huyakata yote. Kila handaki liwe na kampuni yake, mkongo wake na umeme wake.

Umbali nao una gharama. Nuru ndani ya mkongo huenda kama kilomita 200,000 kwa sekunde. Mtwara hadi Dar es Salaam, kama kilomita 560, kwenda na kurudi huchukua takriban sehemu 6 kati ya 1,000 za sekunde. Kila andiko likisubiri jibu, kazi hupungua kasi. Nakala ikifuata baadaye, ajali yaweza kumeza maandishi ya mwisho. Basi stakabadhi na malipo visubiri jibu. Taarifa nyingine zifuate baadaye.

Hatari kubwa zaidi ni hii: mahandaki yote yakikatika, kila ghala hudhani lingine limekufa, nalo huendelea kuandika peke yake. Hapo mzigo mmoja waweza kuuzwa mara mbili. Dawa yake ni shahidi, kompyuta ndogo iliyowekwa mahali pa tatu, inayoamua ni ghala lipi liendelee kuandika na lipi lingoje.

Makatibu wakiletewa mkataba, waulize: Njia zinapita wapi? Shahidi yuko wapi? Na kabla ya msimu kufunguliwa, njia moja izimwe makusudi mbele ya kamati, ionekane kama ya pili inabeba kazi. Daftari la karatasi lisitupwe.

Kumbukumbu ya mkulima ni amana, na amana hailindwi kwa mlango mmoja.